Mtunzi, Ukuta na Adhabu: Historia ya Sprei katika Michezo ya Kompyuta ya Wachezaji Wengi, 1998–2016

Utangulizi

Maandishi ya ukutani hayajawahi kukosa wahakiki. Tangu wachimbuaji wa magofu ya Pompeii walipoanza kunakili salamu, matusi na matangazo yaliyokwaruzwa kwenye plasta ya mji huo, wataalamu wa historia na wa fasihi wamezoea kuuchukulia ukuta kuwa ukurasa. Gazeti la The New York Times lilipochapisha, tarehe 21 Julai 1971, habari za kijana aliyetapakaza saini ya TAKI 183 jijini New York, mjadala ulipata nguvu mpya. Miaka mitano baadaye Jean Baudrillard aliutengea sehemu nzima katika kitabu chake kuhusu ubadilishanaji wa kiishara na kifo. Hata hivyo, upo ukuta mmoja ambao uhakiki umeupita karibu bila kuutupia jicho. Huu ni ukuta wa mchezo wa kompyuta, ukuta usioshikika, ambao kwa zaidi ya mwongo mmoja uliandikwa na wachezaji wenyewe kwa picha walizojitengenezea, kabla ya wenye mchezo kuamua kwamba maandishi ya aina hiyo yatatolewa kwa idhini na kwa bei.

Makala haya yanachunguza historia ya picha hizo, ambazo wachezaji huziita sprei, tangu zilipotokea katika mchezo wa Half-Life mwaka 1998 hadi kuletwa kwa grafiti za kununuliwa katika Counter-Strike: Global Offensive mwaka 2016. Sprei ni picha ndogo ambayo mchezaji huichapa ukutani au sakafuni kwa kubonyeza kitufe kimoja, nayo huonekana mbele ya wenzake kana kwamba imepulizwa kwa mkebe wa rangi. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba sprei ilikuwa na sifa moja ya kiufundi yenye uzito mkubwa wa kinadharia: haikuweza kusomwa mpaka nakala yake iwe imekwisha kuingia katika kompyuta ya msomaji. Uhusiano wa mtunzi, msomaji na mwenye ukuta ulijengwa juu ya sifa hiyo, na ni sifa iyo hiyo iliyouvunja.

Kutoka vazi hadi ukuta

Kabla ya sprei kulikuwa na vazi. Katika Quake ya kampuni ya id Software (1996), na hasa katika QuakeWorld, toleo la kuchezwa kwa intaneti lililotoka mwishoni mwa mwaka huo, wachezaji walijichorea sura na mavazi ya wahusika wao, na vikundi vikavaa sare. Picha ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mchezaji, lakini bado ilifungwa mwilini. Mwenye vazi alipouawa, vazi lilianguka pamoja naye. Sprei ndiyo iliyoitenga ishara na mwili wa mwenye ishara, ikaiacha mahali ambapo mwenyewe hayupo tena, na hapo ndipo utambulisho ulipogeuka kuwa maandishi.

Half-Life ilitolewa Novemba 1998 na Valve, kampuni iliyokuwa na makao yake Kirkland, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Injini ya mchezo huo ilitokana na ile ya Quake, iliyochukuliwa kwa leseni na kufanyiwa mageuzi mengi. Katika orodha ya chaguo za mchezo wa wengi, mchezaji alipewa nembo chache zilizokwisha kuchorwa, zikiwemo herufi ya Kigiriki lambda na fuvu la kichwa, pamoja na rangi chache za kuzitia. Haya yalikuwa maandishi ya fomu: mtu anajaza nafasi aliyoachiwa. Lakini nembo iliyochaguliwa ilihifadhiwa katika faili iitwayo tempdecal.wad ndani ya kompyuta ya mchezaji mwenyewe, na faili ya namna hiyo haikuwa kitu kigeni. Tangu Doom (1993) wachezaji walikuwa wamezoea kuzifungua faili za WAD, kutoa kilichomo na kutia chao. Ikagundulika kwamba nembo ya kampuni ingeweza kuondolewa humo na picha yoyote ikawekwa mahali pake.

Masharti ya kazi hiyo yanastahili kuelezwa, kwa maana ndiyo yaliyounda fani. Picha ilipaswa kupewa jina {LOGO. Urefu na upana wake sharti ugawanyike kwa 16. Rangi zisingezidi 256, nazo ziliorodheshwa katika jedwali ambalo nafasi yake ya mwisho, kwa kawaida iliyotiwa buluu, ilihesabiwa kuwa uwazi unaouruhusu ukuta uonekane. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa 64 kwa 64, yaani pikseli 4,096, eneo lisilotosha kuandikia sentensi mbili zinazosomeka. Programu ya Wally, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhariri picha za michezo ya ukoo wa Quake, ndiyo iliyokuwa kalamu ya wengi. Hatua ya mwisho ina mvuto wa pekee kwa mwanafasihi: baada ya kuihifadhi kazi yake, mtunzi aliifunga faili isiweze kuandikwa tena, kwa kuwa asipofanya hivyo mchezo wenyewe ungeifuta na kuirudisha nembo ya kampuni.

Anayetaka kuyalinganisha masharti haya na arudhi hatakuwa amepotoka. Kama ilivyo kwa mizani na vina, ufinyu haukuwa kizuizi tu. Picha zilizofaulu ni zile zilizojua kuutumia udogo wake: mstari mnene, rangi mbili au tatu, umbo linalotambulika kwa nusu sekunde na mtu anayekimbia huku akipigwa risasi. Waliojaribu kubana fotografia nzima humo walipata doa.

Nakala katika kompyuta ya mgeni

Sprei ilipata hadhira yake kamili katika Counter-Strike, mchezo uliobuniwa juu ya Half-Life na Minh Le na Jess Cliffe, ambao toleo lake la majaribio lilitoka Juni 1999 na la kuuzwa dukani Novemba 2000. Mchezo huu una kanuni moja ambayo haikukusudiwa kuwa na athari yoyote kwa sanaa: anayeuawa hafufuki mpaka raundi iishe. Kwa hiyo katika kila raundi kulikuwa na kundi la wafu waliokaa kutazama, wasio na kazi ya mikono, wakizungushwa ramanini kwa macho ya walio hai. Hao ndio waliokuwa wasomaji halisi wa kuta. Aliye hai aliiona sprei kwa kupepesa, aliyekufa aliisoma.

Namna picha ilivyomfikia msomaji huyo ndiyo kiini cha suala. Mchezaji alipojiunga na seva, kompyuta yake iliipakia faili ya sprei kwenye seva hiyo, nayo seva ikaigawa kwa kila mchezaji aliyekuwamo, mradi msimamizi ameruhusu upakiaji na mchezaji ameruhusu upakuaji. Alipokuja kubonyeza kitufe, kilichosafiri wakati huo hakikuwa picha bali agizo fupi: ichapwe picha ya fulani mahali fulani. Picha ilikuwa imekwisha kufika. Mpita njia wa New York aliyechukizwa na behewa lililochorwa aliweza kugeuza uso, na kile alichokikataa kikabaki kwenye behewa. Msomaji wa sprei alikuwa mwenyeji wa maandishi kabla hajayaona, na aliendelea kuwa mwenyeji wake baada ya kuyasahau.

Katika Half-Life na michezo iliyojengwa juu yake, nakala hizo zilikusanyika katika faili moja, custom.hpk, iliyozidi kunenepa kadiri mtu alivyocheza na wageni wengi. Wachezaji waliijua kama takataka. Ushauri wa kawaida kwa mtu ambaye mchezo wake unakwama wakati wa kujiunga ulikuwa aifute. Kwa mwanahistoria, faili hiyo ni maktaba. Ukutani sprei haikudumu: ramani ilipobadilishwa, kuta zilirudi kuwa safi. Ndani ya custom.hpk, hata hivyo, zilibaki picha za watu ambao mwenye kompyuta hakuwahi kuwajua, kila moja ikitambulishwa kwa tarakimu zilizokokotolewa kutokana na yaliyomo, wala si kwa jina la mchoraji, tarehe au ukuta ilikopulizwa. Waliowahi kushughulikia miswada ya tenzi katika hati ya Kiarabu wanaijua hali inayokaribiana na hii: nakala ipo, mkono ulioiandika haujulikani. Tofauti ni kwamba mnakili wa utenzi alijua kwamba ananakili.

Haya yanazua swali la mbinu ambalo uchunguzi wowote wa baadaye hautaweza kulikwepa. Picha ya skrini iliyopigwa na mchezaji huhifadhi ukuta, mahali na mara nyingine majina ya waliokuwapo, lakini huipunguza sprei kuwa sehemu ya mandhari. Faili huhifadhi sprei kamili, lakini huipokonya muktadha. Anayetegemea faili peke yake atasoma taswira. Anayetegemea picha ya skrini atasoma tukio. Na sprei ilikuwa tukio kabla ya kuwa taswira.

Dhahiri na batini

Kwa Baudrillard, nguvu ya grafiti za New York ilitokana na utupu wake. Majina ya bandia na nambari hayakubeba ujumbe wowote, na kwa sababu hiyo hayakuweza kujibiwa wala kumezwa na mfumo wa ishara za jiji. Ni rahisi kuinyakua hoja hiyo na kuivisha sprei, lakini kufanya hivyo ni kosa. Katika mchezo jina hutolewa bure. Lipo kwenye ubao wa matokeo, lipo katika taarifa ya kila anayeua na kila anayeuawa, na mchezaji hana haja ya kulihangaikia ukutani. Ndiyo maana sprei, kinyume cha saini za New York, zilisheheni: wahusika wa katuni, nembo za biashara zilizopotoshwa, nyuso za wanasiasa na mastaa wa filamu, wasichana wa magazeti, ponografia, mzaha unaoeleweka na kikundi kimoja tu. Karibu kila kitu kilikuwa cha kuazima. Utunzi ulikuwa katika kuchagua, kukata, kupunguza rangi, na kupata mahali pa kubandika. Ni mwingilianomatini uliokithiri kiasi cha kuacha matini yenyewe ikiwa nyembamba mno.

Jambo lisilotarajiwa ni kwamba maudhui ya vita yenyewe hayakutawala. Wachezaji walijigawa kuwa magaidi na askari wa kupambana na magaidi, wakauana siku kutwa, kisha wakapuliza katuni. Hapa inafaa kuzikumbuka picha zilizochorwa na askari wa Kireno katika karne ya 17 ndani ya Fort Jesus, Mombasa, kwa makaa na rangi nyekundu. Humo mna meli na mna samaki. Anayelinda ukuta kwa silaha si lazima auchoree silaha. Ulinganisho huo hauendi mbali zaidi ya hapo, kwa maana askari wa Mombasa walichora wakiwa ugenini kwa miaka, hali mchezaji alikuwa kitini nyumbani kwao.

Palipo na utajiri zaidi ni pale ambapo sprei iliacha kuwa picha ya kutazamwa ikawa tendo ndani ya mchezo. Mfano wa kwanza ni sprei ya udanganyifu. Mchezaji alikata umbo la askari kutoka mchezo wenyewe, akaliwekea uwazi pande zote, akalipuliza kwenye ukuta wenye kivuli mwishoni mwa njia ndefu. Adui aliyechungulia alifyatua risasi, na kwa kufyatua akajitambulisha alipo. Hapa taswira haikuwakilisha kitu, ilifanya kitu. Nadharia ya vitendo-usemi, ambayo wahakiki wengi wameitumia kwa mazungumzo ya tamthilia, ingepata katika ukuta huo mfano ulio wazi kuliko mingi iliyomo vitabuni, kwa sababu mafanikio ya tendo yalipimwa papo hapo kwa uhai na mauti.

Mfano wa pili ulikomaa katika injini ya Source, iliyotumika katika Counter-Strike: Source na Half-Life 2: Deathmatch mwaka 2004, kisha Team Fortress 2 mwaka 2007. Faili sasa ilikuwa ya muundo wa VTF. Rangi ziliongezeka, picha ikaweza kuwa na fremu kadhaa zinazopokezana, na ukubwa ulioruhusiwa, ambao mwanzoni ulikuwa na ukomo wa kilobaiti 120, baadaye ukapanuliwa. Muundo huu, kama miundo mingi ya picha za michezo, hubeba ndani yake nakala kadhaa za picha ile ile kwa ukubwa unaopungua, ili kompyuta itumie nakala ndogo mtazamaji anapokuwa mbali na kubwa anapokaribia. Lengo lilikuwa kuokoa nguvu za mashine. Wachezaji waliona kwamba hakuna kinacholazimisha nakala ndogo ifanane na kubwa. Wakatia picha moja katika zile ndogo na nyingine katika ile kubwa. Aliyekuwa mbali aliona jambo, akavutwa, akasogea, na kwa kila hatua picha ikageuka mpaka akajikuta mbele ya jambo jingine.

Uhakiki wa Kiswahili una istilahi kongwe kwa hali hii: dhahiri na batini. Katika ushairi wa mafumbo, maana ya ndani hufikiwa na anayejua, na aliye nje hubaki na ya juu. Katika sprei hizi umbali wa maana uligeuzwa kuwa umbali wa hatua. Batini ilipatikana kwa miguu. Ni kweli kwamba mara nyingi batini yenyewe ilikuwa duni (picha ya kupendeza ikigeuka kuwa ya kuchefua, au mwaliko ukigeuka kuwa dhihaka kwa aliyeukubali), na wingi wa mizaha ya aina hiyo unachosha. Lakini uduni wa maudhui haupaswi kumzuia mhakiki kuona ubunifu wa fani. Hakuna ukuta wa saruji unaoweza kufanya hivyo kwa namna ile ile.

Velvet-Strike

Kurudi nyuma kidogo: mwaka 2002, miezi michache baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 na kuanza kwa vita vya Afghanistan, msanii Anne-Marie Schleiner, akishirikiana na Joan Leandre na Brody Condon, alianzisha mradi uitwao Velvet-Strike. Ulikuwa mkusanyo wa sprei za kupinga vita, zilizotolewa bure kwa yeyote aliyetaka kwenda kuzipuliza ndani ya Counter-Strike, na yeyote aliweza kuchangia yake. Humo mlikuwa na mioyo, askari wanaokumbatiana, na kaulimbiu za kuikejeli njozi ya kijeshi. Pamoja na sprei kulikuwa na maelekezo ya kuigiza: mathalan, kikosi kizima kisimame kwa umbo la moyo, kisisogee wala kisijibu risasi.

Mapokezi yalikuwa makali. Wachezaji waliandika barua za matusi na vitisho, nazo wasanii wakazichapisha kama sehemu ya kazi. Imezoeleka kuyasoma mapokezi hayo kuwa ushahidi wa ukereketwa wa wachezaji. Maelezo hayo hayatoshi. Wachezaji hawakuwa wakilinda ukuta mweupe. Kuta zao zilikuwa zimejaa michoro tayari, mingine ya kuudhi kupita kiasi, nao waliivumilia. Kilichowakera ni kwamba walihubiriwa na watu waliowaona kuwa wageni, kwa kutumia chombo ambacho wao wenyewe walikuwa wamekitengeneza. Aidha, kwa kipimo cha fani, nyingi za sprei hizo zilikuwa za dhahiri tupu. Zilisema zilichosema, kwa maandishi ambayo pikseli 4,096 hazikuyahimili, kwa msomaji anayekimbia. Sprei ya mtoto wa shule iliyomfanya adui afyatue risasi kwenye ukuta mtupu ilikuwa imeuelewa ukuta huo zaidi.

Hata hivyo, hukumu hiyo isivuke mpaka. Velvet-Strike ndiyo kazi iliyoliweka wazi swali ambalo sprei nyingine zote zililipita: je, ukuta wa mchezo ni mahali pa umma? Ikiwa ndiyo, basi mpinga vita ana haki ya kuuandika kama alivyo nayo mpenda katuni. Ikiwa ni mali ya kampuni au ya msimamizi wa seva, basi wote wawili wameandika kwa ihsani. Mwaka 2004 mradi huo ulionyeshwa katika Whitney Biennial jijini New York, na huko sprei zikatazamwa na watu waliosimama. Joseph DeLappe, ambaye kati ya 2006 na 2011 aliandika majina ya wanajeshi wa Marekani waliofia Iraq ndani ya mchezo wa America's Army, alichagua njia ya ujumbe wa maneno badala ya picha, na huenda uchaguzi huo ulikuwa wa busara zaidi: jina la marehemu halihitaji rangi wala ukubwa, na katika mchezo ambamo kila anayekufa hutangazwa kwa jina lake la bandia, jina halisi la aliyekufa kweli lilikuwa na uzito wa namna nyingine.

Mtunzi na adhabu

Katika mhadhara wake wa mwaka 1969 kuhusu mtunzi, Michel Foucault alidai kwamba matini zilianza kuwa na watunzi, kwa maana ya watu halisi wanaotajwa, pale watunzi walipoweza kuadhibiwa. Ni nadra kwa dai la kihistoria la namna hiyo kupata uthibitisho ndani ya miaka michache na mbele ya macho ya watu. Historia ya sprei inautoa.

Mwanzoni sprei ukutani haikuwa na mwenyewe. Seva ilijua nani ameipuliza, kwa kuwa agizo lilitoka kwake, lakini haikumwambia mtu. Msomaji alikisia. Kisha zikaja malalamiko, nayo yalikuwa ya haki. Picha za ngono zilipulizwa mbele ya watoto. Wachezaji wanawake walipokewa na picha ambazo hakuna mtu angethubutu kuzibandika mlangoni pa mwenzake. Alama za Wanazi zilitapakaa, na msimamizi wa seva nchini Ujerumani, ambako sheria ya jinai inakataza kuzionyesha hadharani, hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba ni utani. Na tuikumbuke sifa iliyotajwa mwanzoni: kila moja ya picha hizo ilikuwa imeingia katika kompyuta ya aliyeudhiwa. Hakutupiwa macho tu, alikabidhiwa.

Wasimamizi walijibu kwa programu za ziada, hasa zile zilizojengwa juu ya SourceMod kwa michezo ya Source. Miongoni mwazo zilikuwapo zilizomwezesha msimamizi kuielekeza shabaha yake kwenye picha yoyote ukutani, na papo hapo jina la aliyeipuliza likatokea pamoja na nambari yake ya utambulisho. Hapo aliweza kuifuta, kumpiga marufuku mwenyewe asipulize tena, au kumfukuza. Nambari hiyo nayo ilikuwa na historia yake. Steam, mfumo wa akaunti wa Valve, ulizinduliwa Septemba 2003, na Julai 2004 mfumo wa zamani wa WON ulifungwa. Tangu wakati huo kila mchezaji wa michezo hii alifuatana na akaunti moja inayojulikana. Sprei ikapata mtunzi, naye alikuwa mtunzi wa aina ile ile aliyoieleza Foucault: mtu wa kupatikana akihitajika.

Ni muhimu kutambua kwamba njia nyingine ilikuwapo. Michezo ya Source ilimpa mchezaji amri ya cl_playerspraydisable, ambayo kwayo aliweza kukataa kuonyeshwa sprei zote. Amri hiyo haikumwadhibu mtunzi wala haikuuosha ukuta. Iliurudisha uamuzi kwa msomaji, ambaye ndiye aliyebebeshwa nakala. Udhaifu wake ulikuwa ukali wake: ilikataa zote au ilikubali zote, na iliwafaa wale tu waliojua kwamba ipo. Bado, kati ya hatua zote zilizochukuliwa, hii ndiyo iliyouelewa vizuri zaidi uhusiano wa pande tatu uliopo katika sprei, na ni ajabu kwamba haikuendelezwa.

Ukuta wa kununuliwa

Counter-Strike: Global Offensive ilitolewa Agosti 2012 bila sprei. Hakuna aliyeandika tanzia. Mei 2016, Blizzard ilitoa Overwatch, na humo sprei zilirudi kwa wingi, lakini zote zilichorwa na kampuni; mchezaji alizipata kwa kutimiza masharti fulani au kwa kufungua masanduku ya bahati. Oktoba mwaka huo huo Valve iliirudisha sprei katika Counter-Strike kwa jina la grafiti. Mchezaji alipata grafiti ikiwa imefungwa kama kifurushi. Akiifungua, alikuwa na haki ya kuipuliza mara 50. Baada ya hapo ilikwisha. Maandishi ya ukutani yalianza kupimwa kama maji ya mfereji.

Utetezi wa mageuzi haya ni kwamba picha iliyokaguliwa na kampuni haimdhuru mtu, na sehemu hiyo ya utetezi ni ya kweli. Aliyewahi kubebeshwa picha ya kuchukiza hana sababu ya kuyalilia mafaili ya zamani, na anayeyatukuza mafaili hayo bila kumkumbuka huyo anaandika ngano. Lakini ukaguzi unaeleza kwa nini picha ichaguliwe na kampuni. Hauelezi kwa nini iishe. Picha iliyokwisha kuthibitishwa kuwa salama haina sababu ya kimaadili ya kufa baada ya kupulizwa mara ya hamsini. Sababu hiyo ni ya kibiashara, nayo iliingia kwa mlango uliofunguliwa na malalamiko ya haki. Mabadiliko mawili tofauti, moja la kumlinda msomaji na jingine la kumgeuza mtunzi kuwa mteja, yalifika pamoja na yakapokewa kama moja.

Kwa upande wa fani, kilichotoweka si uhuru wa kutukana pekee. Sprei ya udanganyifu haiwezekani tena pale ambapo umbo la adui halimo katika orodha ya kuuzwa. Picha inayogeuka kwa umbali haiwezekani pale ambapo faili haifunguliwi. Mzaha wa kikundi kimoja hauna soko. Kilichobaki ni nembo, na kwa hali hiyo mchezaji wa 2016 alirudi karibu na pale alipoanzia mwaka 1998, mbele ya orodha ya alama zilizochorwa na mwingine, ila ile lambda ya mwaka 1998 haikuwa na hesabu ya matumizi.

Wakati huo huo, kuta za ramani zenyewe zilianza kuandikwa na kampuni. Katika mashindano ya MLG Columbus mwaka 2016, Mbrazili Marcelo David, ajulikanaye kama coldzera, aliwaangusha wapinzani wanne wa Team Liquid kwa bunduki ya kudungulia katika ramani ya Mirage, baadhi yao akiwa angali hewani baada ya kuruka. Valve ililiadhimisha tukio hilo kwa kuchora grafiti ya kudumu ukutani mahali lilipotokea. Mchoro huo haukufutika raundi ilipokwisha, haukufutika ramani ilipobadilishwa, na haukuhitaji kupakuliwa kutoka kwa mgeni yeyote, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya jengo. Coldzera hakuuchora. Katika mchezo huo kama ulivyotolewa, yeye, kama wenzake wote, hakuwa na njia ya kupuliza ukutani picha aliyoitengeneza mwenyewe.